Supu ya Damu ya Angelina

Marsela wa Mbulumbulu hakuwa mwoga. Tangu mumewe afariki alilima ngano na maharage peke yake, na jirani aliyesogeza jiwe la mpaka alirudishiwa jiwe lake mlangoni, matusi juu. Nasema haya mapema ili mjue tulimvunja mtu wa namna gani.

Mama yake alikufa kwa saratani ya matiti, kisha dada yake. Kwa hiyo watafiti walipofika zahanati wakitafuta wanawake wa koo zenye ugonjwa huo, alikwenda kutoa damu pamoja na binti yake, Angelina. Majibu yaliporudi, daktari aliwaeleza taratibu kwamba wote wawili wamezaliwa na vinasaba vinavyoufanya mwili ulimbikize madini ya chuma.

"Kama chuma hicho kinaongeza hatari ya saratani ya matiti, ndicho tunachochunguza, bado hatujui," alisema. "Hamna ugonjwa. Ila kwa historia ya ukoo wenu, njooni mpimwe matiti kila mwaka. Na msitumie vya kuongeza damu, chakula au dawa, maana vina chuma kingi, kabla hatujapima chuma."

Marsela akarudi akatuambia wote, kanisani na bombani, akitusihi nasi tukapimwe. Tulimshukuru sana. Halafu tukaenda kusema tunachojua kusema: nyumba ile ina chuma kwenye damu, ukioa pale umeoa jeneza.

Kwetu posa haifiki mbali kabla wazee hawajauliza magonjwa ya ukoo. Wazee wa kijana wa kwanza waliuliza, Marsela akawaeleza yote bila kuficha. Waliondoka wakaacha chai inafuka moshi. Angelina alilia mpaka sauti ikamkauka, na sisi majirani tukajifanya tunapalilia.

Alipokuja Julius, mtoto wa mzee Hhando wa Karatu mjini, wazee wake waliuliza vilevile. Marsela alitazama chini.

"Mama yangu alikufa kwa uzee," akasema. "Kwetu hatuna ugonjwa."

Harusi ikafungwa. Angelina akaacha kwenda kupimwa, maana mume angeuliza anapimwa nini.

Mwezi uliopita alijifungua mtoto wa kike. Nilimsindikiza Marsela kumwona mjukuu. Tulikuta mama mkwe amechinja mbuzi, na mbele ya wageni akaleta bakuli la supu ya damu na maini, kama tunavyomfanyia kila mzazi ili damu yake irudi. Pembeni aliweka vidonge vya kuongeza damu alivyonunua dukani. Ni mwanamke mwema, simlaumu hata kidogo.

"Kunywa, mwanangu, umepauka," alimbembeleza.

Angelina hakupokea. Alimtazama mama yake tu.

Mama mkwe akageuka. "Mama Angelina, mwanao ana nini? Kuna kitu cha kwenu kinamkataza?"

Mashangazi wa Julius walikuwa wamekaa pale pale, masikio wazi. Nilitamani Marsela yule wa jiwe la mpaka ainuke aseme, lakini yule tulishamzika sisi wenyewe kwa midomo yetu.

Marsela alilichukua bakuli, akalipeleka mwenyewe mdomoni mwa binti yake.

"Kunywa, mama," alisema. "Kwetu hatuna ugonjwa."

Angelina akanywa yote.