Mama Mkwe na Majira ya Koo

Nilikuwa na sauti, wala sioni haya kulisema. Miaka ile ya baada ya vita, kabla watu hawajaanza kuota malori ya pamba, vijana wa upande wetu wa Shinyanga walijua kwamba mavuno yakishaingia ghalani mimi ndiye manju wao, mwimbishaji wa ngoma. Mashindano yenyewe hayakuwa na mwamuzi. Vikundi viwili vilicheza siku moja kwenye viwanja viwili vilivyokaribiana, na watazamaji walikwenda walikopenda. Mwenye watu wengi jua likizama ndiye mshindi, na aliyeshindwa hakuwa na wa kumlaumu.

Basi mwaka mmoja, mtama ukiwa bado unakatwa, sauti yangu ikakauka. Asubuhi ilikuwapo kidogo, mchana ikikwaruza, jioni haipo kabisa. Mashindano ya kwa mtemi yalikuwa yamekaribia. Wachezaji wangu walinipa pole kwa midomo, lakini niliwaona wakimtupia macho kijana mmoja mwenye kifua kipana, nikajua kwamba nikishindwa safari hii uimbishaji si wangu tena. Niliogopa sana. Asiyewahi kuwa manju hajui uchungu wa kusimama pembeni, mwingine akiwaimbisha watu wako.

Nilifanya linalofanywa na kila manju mwenye koo bovu: nikasema nimerogwa. Manju wa upande wa pili alikuwa mtu mnene, mcheshi, na ucheshi wake ndio hasa ulionitia shaka. Nikatafuta dawa ya kumjibu. Nilijifukiza moshi wa mizizi ndani ya blanketi mpaka machozi yakanitoka, nikatafuna vitu vichungu, na kila alfajiri nikapanda juu ya mawe kuimba kwa nguvu zangu zote, upepo wa kipupwe ukinipiga usoni, ili uchawi ujue kuwa siuogopi. Kila siku nilirudi nimekauka zaidi.

Aliyechoka kwanza ni mke wangu. Alisema mama yake anaijua miti, niende kwake. Nikamwandikia kwa kijiti mavumbini kwamba hana akili, kwa kuwa jioni ile hata kunong'ona sikuweza. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani. Nikimwona njiani naingia porini, naye akiniona anageuka na kusubiri nipite. Tangu nioe nilikuwa sijaujua uso wake. Nilijua mgongo wake na kaniki yake tu. Mke wangu akasema koo halitazamwi, linasikilizwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, nikaenda.

Nilisimama nje ya ua wa minyaa. Mama mkwe alikuwa ndani anasaga uwele kwenye jiwe, na mke wangu akakaa mlangoni mwa ua, katikati yetu, awe mjumbe. Nikaambiwa niimbe. Nikaimba. Jiwe likanyamaza, kisha nikamsikia mama mkwe akicheka, kicheko cha mtu anayejipiga mapaja. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto.

"Mwambie hajarogwa," alisema. "Mtama ukishakatwa, shamba linapumzika. Yeye analima koo lake mwaka mzima, halafu analichoma moto."

Mke wangu akanigeukia akayarudia yote, neno kwa neno, kana kwamba mimi nilikuwa Geita.

Kwa mama mkwe, mwili ulikuwa na majira kama nchi ilivyo nayo. Masika mtu ale mlenda na majani mabichi, atoke jasho, aimbe apendavyo akilima, maana hewa yenyewe ina maji. Jua kali likija, anywe uji wa ukwaju na alale mchana. Lakini kipupwe, miezi ya upepo mkavu na vumbi, ni wakati wa kujifunika na kuweka akiba: samli, karanga, na michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa, ipikwe mpaka ilainike. Na mdomo usifunguliwe kwa wimbo mpaka jua lipande juu ya ua. Sisi manju, alisema, tunaanza kupiga kelele pale pale nchi inapofunga mdomo. Dawa yangu ikawa utomvu wa mgunga wa kumung'unya, asali, nguo shingoni, na kimya. Nisitamke neno hadi mwezi mpya uonekane.

"Mayu anasema pia uache kunijibu hovyo," mke wangu akaongeza.

Nilikuwa na masikio. Mayu, yaani mama yake, hakusema hivyo.

Kimya kile kilinitesa kuliko moshi. Niliswaga ng'ombe kwa fimbo na mluzi. Watu walinisalimia "mwadila" nikawapungia mkono, wakaenda kutangaza kwamba nimeanza kujivuna. Mke wangu alinawiri. Alinisimulia habari za ukoo wao wote bila kukatizwa, na kila alipotaka jambo aliniuliza kama nakataa, akasubiri kidogo, akaenda zake ameridhika. Nilikula michembe na samli kwa hasira. Kisha asubuhi moja, nikikamua, nikajisahau nikaguna wimbo. Sauti ikatoka nene, laini. Nikafunga mdomo upesi, nikaegemea ubavu wa ng'ombe na kucheka bila sauti.

Siku ya mashindano yule mnene alianza mapema, umande ukiwa bado chini, na watu wote wakamfuata. Wachezaji wangu walinisihi nianze. Nikakaa. Kijana wa kifua kipana akasafisha koo lake kwa makusudi, nami nikakaa tu. Jua lilipopasha kiwanja ndipo niliposimama, nikaanza kwa sauti ya chini hata wa mbele wakalazimika kusogea ili wasikie. Mchana koo la mwenzangu likaanza kukwaruza. Niliujua ule mkwaruzo, nikamwonea huruma kidogo, si sana. Watu wakaanza kuhama. Saa ya jua kuelekea kuzama viwanja vilikuwa karibu sawa, na wimbo mmoja mzuri ungemaliza kazi.

Nilikuwa nimeshauanza, nimeimba mistari michache tu, mke wangu alipopenya katikati ya wachezaji.

"Mayu anasema upepo umegeuka," aliniambia sikioni. "Funga mdomo sasa, au mwakani huna sauti."

Nikainua macho. Kule nyuma, katikati ya nyuso zote zile, palikuwa na mtu mmoja aliyevaa kaniki, amenipa mgongo. Alikuja kunisikiliza kwa njia pekee aliyoruhusiwa.

Nilitamani kushinda kuliko nilivyotamani kula. Nikafunga mdomo. Wachezaji wangu waligeuka kunitazama kwa hofu, miguu yao ikiendelea, ngoma zikiendelea, na wimbo ukining'inia hewani bila mwenyewe.

Ndipo sauti ya mwanamke ikaushika wimbo pale nilipouacha, kali, kubwa, bila haya. Waliokuwa karibu naye wakamwitikia, kisha wa mbele, kisha uwanja mzima, hata watu wa upande wa pili wakaanza kuja mbio kuona ni manju gani huyo mpya. Nami nilisimama katikati yao kinywa kimefumbwa, nguo imezunguka shingo, nikiutazama ule mgongo unavyoimba.