Nilimgeuzia Wafula Meno ya Msumeno

Wasomaji wenzangu, mimi ni mtu mbaya. Msinitafutie maneno laini. Nilimtoa mwenzangu jicho, kisha nikaacha yeye ndiye aniombe msamaha!

Mwenzangu huyo ni Wafula, aliyetoka magharibi kuja kutafuta kazi Ruiru. Tulikuwa maseremala wa shamba moja la kahawa. Mchana tulitengeneza meza za kuanikia kahawa, na jioni tulifanya kazi zetu wenyewe katika kibanda nyuma ya nyumba yangu. Humo tulikuwa na mashine tuliyonunua pamoja, msumeno wa kukanyaga kwa mguu kama cherehani. Wembe wake ulikuwa mwembamba sana, na ulikata maua na majani kwenye ubao mpaka watu wakashangaa.

Tulikuwa na sharti letu: mkazaji ni mmoja. Watu wawili wakikaza wembe mmoja, leo unalegea, kesho unakatika. Basi mimi ndiye niliyetia mafuta, nikabadilisha wembe na kukaza skrubu. Wafula alikata tu. Kabla ya kukanyaga aliugusa wembe kwa kidole, akausikiliza ukilia, halafu akacheka: "Umelia mzuri, ndugu." Hakukagua zaidi ya hapo. Aliniamini!

Siku zile serikali ya wakoloni ilipowadai Wakikuyu pasi ya kusafiria, mtu kama mimi hakwenda Thika apendavyo. Wafula alikwenda. Yeye ndiye aliyepeleka kazi zetu na kuongea na wateja, kwa hiyo huko Thika kila kitu kikawa cha Wafula. Fremu ya Wafula, kabati la Wafula. Mimi na kopo langu la mafuta, nani alinijua?

Ndipo kanisa moja la Thika likataka mimbari yenye mzabibu mbele. Mzee wa kanisa alikuja mwenyewe hadi kibandani, akanikuta nasugua kutu.

"Wewe ndio unasaidianga Wafula?" akaniuliza. "Bwana yako ako wapi?"

Bwana yangu! Ndani ya kibanda changu! Nilimjibu kwa adabu kwamba atakuja, lakini moyo ulikuwa unachemka.

Alipoondoka niliufungua wembe, nikaugeuza. Meno ya wembe ule lazima yatazame chini ili yavute ubao mezani. Yakitazama juu, ubao unarushwa. Nikakipandisha kidogo kile kichuma kinachokandamiza ubao. Kisha nikakaza skrubu taratibu mpaka wembe ukalia vile Wafula alivyoupenda. Nilitaka ubao wa mzee upasuke, Wafula aaibike. Jicho sikulifikiria. Ila kwa hasira ile, hata ningelifikiria, sijui kama ningeacha.

Wafula akaja, akagusa wembe. "Ai, leo umelia kushinda siku zote!" Akainama karibu kabisa, maana majani ya mzabibu yalikuwa madogo. Akakanyaga.

Ubao uliruka nami nikacheka. Ndiyo, nilicheka! Kisha nikaona damu. Wembe ulikuwa umekatika na kipande kimemwingia jichoni.

"Ndugu, nimekosea wapi?" alilia akiwa chini.

"Umesukuma ubao na nguvu! Nimekuambia mara ngapi?"

Ee Ngai, Mungu wangu, kinywa hiki! Mke wake Nekesa alisikia kilio akaja; alipokimbia kutafuta msaada, mimi niliokota vipande vya wembe nikavitupa chooni.

Jicho halikupona. Shamba likamfukuza, na nyumba yao ilikuwa ya shamba, hivyo ikabidi warudi kwao. Jumapili kabla ya kuondoka alikuja kanisani kwetu Ruiru, Nekesa akimshika mkono. Akasimama mbele ya watu wote.

"Ndugu, nimevunja mashine yetu na kazi nimeharibu. Sehemu yangu chukua. Unisamehe."

Kanisa zima likanitazama. Nekesa akaniambia, "Baba Njeri, sema basi tuende. Gari la moshi haitangoja."

Neno moja tu la kweli lingetosha. Nami nikanyoosha mkono kama mtakatifu. "Nimekusamehe, Wafula. Siku ingine uwe mwangalifu."

Watu wakasema amina! Wafula akaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, akanishukuru, akaenda.

Mimbari niliimalizia mimi. Mzee yule yule alinitafutia pasi niipeleke Thika. Nilidhani hapo ndipo nitajulikana. Mpaka leo wanaiita mimbari ya Wafula, yule maskini aliyeacha jicho lake akiifanya. Mimi wananijua kama mtu aliyemsamehe. Nimetolewa mfano katika mahubiri, nimeketi pale namtazama mhubiri amesimama nyuma ya majani yale!

Mashine imeshika kutu. Sina mtu wa kumkazia wembe, na mwenyewe siugusi.

Wewe ambaye mwenzako hakagui mkono wako kwa sababu anakuamini, ukisikia wivu, weka chini bisibisi utoke nje. Na kama umeshafanya, sema kabla hajapanda gari. Wafula sijui anakaa kijiji gani. Huko aliko anawaambia watoto wake kwamba huku Ruiru ana ndugu mwenye roho nzuri.