Akiganda, Anakumbuka

Mtafiti wetu wa uzamivu hagongi mlango wa chumba cha panya. Anaukwaruza kwa kucha, asije akawashtua. Mimi ndiye ninayewalisha, kwa hiyo namjua zaidi kwa mikono: imekauka kwa kunawa, haitulii hata akiongea, ila ikimshika panya inatulia tuli. Anachunguza seli zinazohudumia neva za ubongo, aone kama zikidhoofishwa kumbukumbu inabaki. Humrudisha panya kwenye kisanduku alimopigwa shoti ya umeme jana yake. Akiganda kwa woga, anakumbuka. Akizurura na kunusanusa, kumbukumbu imeondoka. Hapo mtafiti humwinamia, akanong'ona, “Pole, mama.”

Mama yake mtafiti humletea chakula cha mchana, na hupanda ngazi mpaka ghorofa ya nne huku akihema, maana mwaka jana alikwama kwenye lifti yetu, akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Tangu hapo hata mlango wake haukaribii. Leo mimi na mtafiti tulikuwa koridoni lifti ilipofunguka. Mama akatoka na bakuli lake, anaimba kwa sauti ya chini.

“Mama! Umepanda lifti?”

“Sasa nipande nini, mwanangu, na lifti ipo?”

“Hukuogopa kukwama tena?”

“Kukwama? Nilikwama lini mimi?” Akanigeukia mimi, anacheka. “Huyu naye ana vituko!”

Nikacheka naye. Mtafiti alikuwa ameganda, mikono imetulia tuli.

“Pole, mama,” akanong'ona.

“Pole ya nini?”