Mkono wa Mwanangu Nilioufunga

Mwanangu wa kwanza alishikwa na degedege siku ya pili baada ya kuzaliwa. Hospitali wakampa dawa, degedege ikakoma, tukapanda naye nyumbani Marangu tukimshukuru Mungu. Nilidhani yamekwisha.

Alipoanza kushika vitu, alishika kwa mkono wa kushoto tu. Mama mkwe akanuna. Kwetu mtoto hampi mkubwa kitu kwa kushoto. Ni kama kumtukana.

"Mzoeshe mapema," akasema, "kabla hajatuaibisha."

Sikusubiri kuambiwa mara mbili. Nilikuwa mke mgeni, mwenye hasira za karibu na kiherehere cha kutaka kusifiwa. Nikachana kipande cha kitenge, nikawa namfunga mkono ule kiunoni kila wakati wa kula, namwekea ndizi ya kuchemsha mbele yake. Alikuwa anainama na kuinyakua kwa mdomo. Nilimchapa, nikamwita mbishi. Mungu anisamehe.

Akafika mwaka na nusu bila kutembea, nikashuka naye kliniki Moshi mjini. Mama wa mazoezi ya viungo hakuhangaika na mkono wa kushoto hata kidogo. Aliushika ule wa kulia, uliokuwa umekunja ngumi, kidole gumba ndani, akaufungua taratibu.

"Mama, huyu si mashoto. Alipata kiharusi alipozaliwa. Huu wa kulia ndio mgonjwa."

"Kiharusi si cha wazee?" nikabisha.

"Hata vichanga hupata."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilikuwa nimemfunga mkono pekee uliomtii.

Alikuja kutembea, akichechemea. Shuleni hesabu zilimtoa jasho, na alipofika darasa la tatu kifafa kikaanza. Nilihangaika naye, mazoezi kila asubuhi, vidonge kila jioni, lakini habari ya kile kitambaa sikumwambia. Niliogopa atanichukia.

Alikuwa na miaka kumi na minne siku aliponiuliza, tukiwa jikoni tunamenya ndizi, kama nilijua tangu mwanzo kwamba anaumwa. Nikashindwa kudanganya. Nikamwambia yote, kitambaa, viboko na kumwita mbishi, macho yangu yakiwa kwenye maganda.

Akaweka kisu chini.

"Sikuwa mbishi, mama," akasema polepole. "Nilikuwa na njaa."

Nikalia kwa sauti mbele ya mwanangu. Akasogea akanifuta machozi, na utomvu wa ndizi ukanibaki shavuni.