Milima ya Baba na Miguu ya Achieng'

Harufu ya maganda ya machungwa hunirudisha Homa Bay hata nisipotaka. Juzi nilikuwa sokoni Migori, mama mmoja akimenya machungwa yaliyotoka upande wa Isebania, na kabla sijajua ninawaza nini, miguu ilikuwa imekuwa mizito, kama niko tena chini ya mlima nikingoja amri.

Baba yetu alikuwa mwalimu wa michezo. Jumamosi, watoto wa mtaa walipokuwa wakishindana kurusha mawe ziwani, mimi na dada yangu Achieng' tulipelekwa milimani. Baba alikuwa ameipanga milima kama madarasa. Asego, kilima kile kilichochongoka kando ya mji, kilikuwa chekechea. Vilima vya Ruri vilikuwa shule ya msingi. Mlima Homa wenyewe ulikuwa chuo kikuu, na tuliambiwa kwamba chuo kikuu hakiingii mtu anayelia. Machungwa alibeba yeye. Yalimenywa kileleni tu, na aliyefika ndiye aliyekula.

Mimi nilikuwa mdogo lakini niliparamia mawe kama mbuzi. Achieng' alinizidi umri, akili na vichekesho, ila miguu yake haikumtii. Asego alipanda, lakini kwa kusimama kila mara, mara anataka kutazama ziwa, mara anatafuta bati la nyumba yetu kati ya mabati yote ya mji. Nilidhani anapenda tu kutazama mbali. Jioni mama alifunga mlango wa jikoni, akamkanda magoti kwa kitambaa cha maji moto. Macho ya Achieng' yalikuwa na unjano, na shuleni walimwita Ndizi Mbivu. Naye alicheka pamoja nao, tena kwa sauti kuliko wao.

Ruri ilimshinda katikati ya njia. Baba alimpandisha kwa fimbo.

"Uvivu ni jasho," alimwambia. "Utautoa ukitembea."

Kisha ikafika siku ya Homa. Asubuhi ile mama alisimama mlangoni, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya.

"Huyu mwache leo, Baba Achieng'. Hajalala vizuri."

"Wewe ndiye unamharibu," baba akajibu, akavaa kofia yake.

Mama alimfunga Achieng' leso kiunoni, akaikaza, akarudi ndani.

Jua la mlima ule halina huruma. Nyasi kavu zilitukata miguu, na mawe yalikuwa ya moto kama sufuria. Hatukuwa tumefika mbali Achieng' alipoketi.

"Baba, inauma ndani ya mfupa."

"Mfupa hauumi. Simama."

Alisimama, akatetemeka, akaketi tena. Akaomba maji. Baba aliitikisa chupa ili asikie kwamba yamo.

"Maji yako yanaenda juu," alisema. "Yafuate."

Tukamwacha pale. Kila nilipogeuka niliona leso yake, nyekundu juu ya jiwe, inazidi kuwa ndogo. Kileleni baba alikuwa na furaha kubwa. Alinionyesha Kendu Bay kwa kidole, akapiga mluzi, akanimenyea chungwa. Lilikuwa tamu sana. Hadi leo sili machungwa.

Tuliporudi, jiwe lilikuwa tupu. Mama mmoja mchunga mbuzi alikuwa amemburuta Achieng' hadi kwenye kivuli cha kichaka na kumlowesha midomo kwa maji ya kibuyu chake. Dada yangu hakuwa akilia. Alikuwa ameng'ata leso, macho yamemtoka.

"Huyu mtoto ni wako?" yule mama aliuliza.

"Ni wangu. Anaigiza."

"Anaigiza? Hebu mguse nyonga."

Baba hakumgusa. Yule mama alimtazama, akasonya, akaniachia fimbo ya mbuzi, akambeba Achieng' mgongoni hadi barabarani. Baba alitangulia mbele, akitembea kwa hatua ndefu za mtu mwenye afya.

Hospitalini walisema nyonga imeharibika. Tangu siku ile Achieng' hutembea kwa mkongojo. Watu waliambiwa alianguka. Jumamosi za milimani zilikwisha, na wala si kwa huruma. Baba alisema hawezi kufundisha timu ya mtu mmoja.

Jina la ugonjwa nililijua ukubwani, kutoka kwa mama. Ni selimundu, ugonjwa wa damu unaoumiza hadi mifupa, na mama aliambiwa kliniki Achieng' akiwa bado ananyonya.

"Mbona hukumwambia baba?"

"Nilimwambia. Akasema kwao hakuna mtoto mgonjwa, kwa hivyo nimtafute mwenye mtoto. Sikurudia tena."

Nilipobeba mimba yangu ya kwanza nilipimwa damu, na muuguzi akanieleza jinsi mtoto anavyoupata ugonjwa ule: hurithi nusu kwa mama na nusu kwa baba. Mmoja peke yake hawezi kumpa. Nilikaa kwenye benchi ya kliniki nikifikiria fimbo ya Ruri. Kile baba alichotaka kumtoa kwa jasho, nusu yake alimpa yeye mwenyewe.

Nilikwenda nyumbani kumwambia. Amezeeka sasa, anapumzika akipanda ngazi ya mlango. Alinisikiliza hadi mwisho, bila kunikatiza, nikaanza kutumaini.

"Basi," alisema, "ni ile nusu ya mama yenu iliyomshinda."

Mama alikuwa pale pale, akimmiminia chai. Alimaliza kumimina, akatia sukari, akakoroga, akamsogezea kikombe. Utotoni nilimwona mama kuwa mwoga. Siku ile nilimtazama mikono, nikamwona mtu aliyejibiwa namna ile maisha yake yote, na kila asubuhi akaamka kutuchemshia uji.