Udongo Wangu Kisimani kwa Jirani

Huku Theta, ploti yenye kichaka ni ploti inayotafutiwa mnunuzi wa pili. Madalali huipiga picha, wakaiuza tena, na wewe unakuja kukuta mtu mwingine amechimba msingi. Kwa hiyo mtu akishanunua, kitu cha kwanza ni kuleta tingatinga iparue ardhi yote, ili kila apitaye aone kuna mwenyewe. Mimi niliparua yangu hadi mpakani. Nilijiona mjanja sana.

Ploti inainamia kwa jirani, shosho mmoja, bibi mzee mjane mwenye ng'ombe mmoja na kisima alichochimbiwa na marehemu mumewe. Hana maji mengine. Siku ya tingatinga alikuja hadi kwenye waya wa mpakani, akaonyesha ukanda wa nyasi uliokuwa umebaki kule chini.

"Mwanangu, hiyo nyasi wacha. Hiyo ndio inashika mchanga isikuje kwangu."

"Shosho, hii ni ploti yangu," nikamjibu. Sikumtukana, lakini sauti niliyotumia naijua, na yeye aliisikia. Dereva akaendelea na kazi.

Mvua ndefu zilipoanza, hazikunipa hata wiki mbili. Asubuhi moja shosho aliniita mpakani, akaweka ndoo chini. Maji ya kisima yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

"Angalia," akasema, basi. Afadhali angenigombeza. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Nikaanza kutafuta dawa. Kontrakta mmoja kutoka Ruiru alisema nijenge ukuta wa mawe yaliyofungwa kwa nyavu za waya, mpaka wote. Bei yake ingemeza paa la nyumba ambayo hata msingi haikuwa nao. Mwenye hadweya, duka la vifaa vya ujenzi, naye alitaka nitandike nailoni nyeusi ploti nzima. Nilipomuuliza maji yatakayoteleza juu ya nailoni yataenda wapi, alijifanya anatafuta kitabu cha risiti.

Fundi wangu, mtu wa Ngoliba asiye na maneno mengi, ndiye aliyeniambia la maana. "Madam, maji huwezi funga. Ipunguze tu mbio."

Tukachimba mtaro wa kukata mteremko. Kwenye kona ya chini, maji yanakokimbilia, tukapanga magunia yaliyojaa udongo, na pale ambapo nyumba haingejengwa tukatandaza mabua ya mahindi. Yote hayo hayakufika bei ya lori moja la mawe. Ilibaki nyasi ya mpakani, na mwenye majani ya nepia, yale marefu ya kulisha ng'ombe, karibu nami alikuwa mmoja tu.

Nililipita lango lake mara mbili kabla ya kubisha.

"Shosho, nisaidie na nepia ya kupanda."

"Ile ulitoa ilikuwa mzuri kuliko hii," akasema, kisha akachukua panga. Alinikatia, halafu akaja mwenyewe kunionyesha jinsi ya kupanda mistari miwili, mashina ya mstari wa pili yakiziba mapengo ya ule wa kwanza. Niliinama mpaka mgongo ukaniuma, na sikuthubutu kulalamika.

Fundi alishuka kisimani akatoa tope siku nzima, ndoo kwa ndoo. Mvua kubwa iliyofuata ilijaza mtaro, maji yakakaa pale, yakazama polepole. Hakuna udongo uliovuka. Baada ya muda kisima kikatulia, na maji yakarudi kuwa maangavu.

Sasa nimejenga na kuhamia, na shosho hunikaribisha kwake jioni tukapiga gumzo. Maji yake ni safi, yeyote ataona. Lakini kabla ya kunywa yeye huinua glasi kwenye mwanga, akaichunguza, ndipo anywe. Aliniambia miaka yote alikuwa akinywa kwa kikombe cha bati, na glasi hiyo aliinunua baada ya mvua ile iliyomletea tope. Alisema hivyo bila kinyongo chochote, na mimi nikakosa pa kuangalia.