Kamba Nyekundu ya Mkononi

Ipo siku moja ninayoikumbuka bila kuitafuta, mwanangu, na kwa kuwa Jumatatu unaanza mafunzo ya boti za doria, ni haki uisikie kwangu.

Nilikuwa kuruti, mtoto wa kijiji cha Lumino, ziwa nalijua tangu nikiwa mgongoni mwa mama, na kichwa changu kilikuwa kigumu kweli. Katika zile boti ndogo za kufundishia, dereva alifungwa mkononi kamba nyekundu iliyoshika swichi ya injini. Akianguka majini, kamba inachomoka, injini inazima. Mimi kila nikiinuka ilichomoka, injini ikazima, wenzangu wakacheka. Nikaudhika. Nikakata kipande cha kandambili ya rafiki yangu Wandera, bila kumwomba, nikakibana kwenye swichi. Injini ikaunguruma bila kamba, nikajiona fundi!

Mwalimu wetu, Afande Owori, alikiona, akaking'oa na kunirushia.

“Wewe mtoto ya Lumino, kuogelea unajua, mimi sikatai. Lakini hii kamba si ya wewe peke yako. Funga kwa mkono.”

“Ndiyo, afande.” Moyoni nilimwona mzee mwoga. Kesho yake nikakirudisha kwenye swichi.

Asubuhi hiyo tulijifunza kumwokoa mtu aliyeanguka majini, na zamu ya kuwa mtu huyo ilikuwa ya Wandera. Nilikata kona kwa kasi ili nisifiwe, wimbi likanitupa nje. Boti haikuzima. Ilizunguka yenyewe bila dereva, ikarudi tulipokuwa. Mimi sikuvaa jaketi, nikapiga mbizi. Wandera alikuwa amevaa jaketi la kuelea, na jaketi hilo halimwachi mtu azame. Aliita jina langu mara mbili, kisha mapanga ya injini yakampitia.

Tulimzika kwao. Baada ya mazishi mama yake alifungua mfuko wa vitu vyake, akatoa kandambili iliyokatwa kisigino.

“Nani alikata hii ya mtoto yangu?”

Afande Owori alinitazama. Nikasema, “Ni mimi, mama,” nikamweleza yote. Alinisikiliza hadi mwisho.

“Hiyo kamba ilikuwa nauma wewe mkono?”

“Hapana, mama.”

Hakuniuliza kingine, mwanangu, wala hakunitukana. Heri angenitukana.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo wanavyosema. Mimi guu langu hili hapa, zima, na nalionea aibu. Aliyevunjika ni mwenzangu.

Basi kitu kikikuudhi kazini, usikiondoe kabla hujauliza kinamlinda nani. Funga kamba hata ziwa likitulia, hata wakikucheka. Na ukikosea, sema mapema, mama wa mtu asije akakuuliza wewe.

Nenda, Mungu akutangulie majini. Akurudishe nchi kavu, na kila utakayeondoka naye arudi kwa mama yake.